Kipokezi cha Sadalla

Samiha alikuwa ameshachukua damu za watoto wengi, lakini hakuwahi kuona mtoto aliyechoka namna ile. Sadalla alilala mapajani mwa mama yake kwenye benchi la nje ya wodi, macho wazi, halii wala hachezi, ngozi ya mapaja imejikunja kama nguo aliyoazimwa na mtu mzima. Alianza kuharisha damu kabla hajatoka arobaini, na sasa alikuwa anaukaribia mwaka. Alikwisha kupewa dawa za minyoo, za amiba na za taifodi, na zote zilipita tu. Vidonda vya makalioni vilikuwa vikifunga leo, kesho vinafumuka upya.

"Damu tena?" mama yake aliuliza alipoiona sindano. "Dada yangu, mmeshachukua mara ngapi? Mtoto mwenyewe kabakiwa na nini?"

Aliitwa Mwatumu, mke wa mvuvi mmoja wa Moa, kule karibu na mpaka. Kwa kuwa Moa ni mbali, alikuwa amefikia kwa ndugu yake Makorora, mtaa ambao Samiha mwenyewe kazaliwa na kukulia. Samiha alitaka kumwambia neno la kumtuliza, akalikosa. Yeye alikuwa mtaalamu wa maabara, tena bado mgeni kazini. Alizoea kuzungumza na mirija na mashine, si na mama aliyekata tamaa.

Hapo ndipo aliposikia sauti nyuma yake. "Mama Sadalla, habari za toka asubuhi? Naomba nikae hapo pembeni yako."

Alikuwa Dakta Devota. Samiha alishangaa, maana hakumtarajia. Dakta Devota ndiye aliyekuwa mkuu wa kitengo cha kinga ya mwili katika maabara ya utafiti, mtu wa kusafiri kwenye mikutano ya nchi za watu, na damu ya wagonjwa haikuwa kazi yake kuifuata wodini. Lakini alikuja kwa miguu yake, akakaa kwenye benchi lile lile, akampa mtoto kidole chake akishike.

"Shikamoo, mama daktari," Mwatumu alisema.

"Marahaba, mwanangu. Daktari wa watoto ameniita, dawa zimemwishia. Ana wazo moja na mimi ninalo hilo hilo, ila halijathibitika. Nikueleze? Ukisikia ndiyo utaniambia kama unakubali tuchukue damu au hukubali."

Samiha aliwahi kusoma mambo yale chuoni kwa vitabu vinene. Hakuwahi kuyasikia yakielezwa vile. Dakta Devota alisema kwamba mwili unapopambana na wadudu huwasha vita: joto, wekundu, uvimbe, usaha. Vita hivyo ni vizuri, bila hivyo tungekufa. Lakini vikishakwisha lazima itoke amri ya kusitisha, la sivyo askari wataendelea kupiga hata nyumba zao wenyewe. Amri hiyo huletwa na protini moja ndogo iitwayo interlukini kumi. Inaelea katika damu, inafika kwenye seli, inanasa mahali pake maalumu juu ya ngozi ya seli, panapoitwa kipokezi. Ikishanasa, seli inatulia.

"Sasa wako watoto wachache sana duniani wanaozaliwa na kipokezi kibovu," alisema. "Amri inatoka, inafika, lakini haina pa kushika. Tumbo linabaki vitani saa zote. Sijui kama Sadalla ni mmoja wao. Nataka kuona kama protini ile inashika kwenye seli zake au haishiki. Basi."

Mwatumu alisema kwa sauti ya chini, "Nyumbani wanasema nimembemenda."

Samiha alilijua neno hilo. Hakuna mwanamke wa pwani asiyelijua. Wanamaanisha mama hakujichunga wakati ananyonyesha, akamharibu mtoto kwa maziwa yake. Mtoto akikonda bila sababu, sababu ndiyo hiyo, na aibu yote humwangukia mama.

Dakta Devota hakucheka wala hakukasirika. "Na wewe unasema nini?"

"Mimi nasema sijafanya kitu. Lakini nikisema peke yangu nani ananisikia?"

"Haya," alisema Dakta Devota. "Tuchukue damu kidogo, na yako pia tuipate ya kulinganishia."

*

Kipimo chenyewe hakikuwa cha kila siku. Maabara ile kazi yake kubwa ilikuwa malaria, na protini ya interlukini kumi iliyotiwa rangi ya kung'aa ilibidi waiombe kwa wenzao wa Dar es Salaam, ikaja ndani ya barafu, unga kidogo tu katika kichupa. Samiha ndiye aliyepewa kazi ya kuuyeyusha. Alitenga seli nyeupe za damu ya Sadalla na za mama yake, akazimiminia protini ile, akazisubiri kwenye baridi, akazisafisha ili kila kisichoshika kiondoke. Kisha akazipitisha kwenye mashine inayosoma seli moja moja kwa mwanga. Seli yenye kipokezi kizima itabeba protini na kung'aa. Isiyo nacho itapita gizani.

Kwenye skrini, seli za Sadalla zilijikusanya upande wa giza, zote. Za mama yake zilisogea kidogo upande wa mwanga, si sana.

Ilikuwa kama picha ya kitabuni: mtoto hana kabisa, mama ana nusu. Samiha alikwenda mbio ofisini kwa Dakta Devota, akamkuta anakunywa chai ya tangawizi na kuimba wimbo wa kanisani puani, kama kawaida yake.

"Dakta, tumempata! Kipokezi hakipo!"

Dakta Devota alikuja akainama mbele ya skrini. Alitazama kwa muda mrefu. Uso wake ulianza kuchanua, halafu ukatulia tena.

"Ni picha nzuri sana," alisema. "Na yule mtoto mwenye afya tuliyesema tumlinganishe naye?"

"Damu yake iliganda njiani, Dakta. Nikaona tuna ya mama, inatosha."

"Mama ni wa familia. Mimi nataka mtu asiyehusika kabisa." Alikwisha kuvua koti jeupe na kukunja mkono wa gauni. "Toa yangu."

"Yako, Dakta?"

"Mimi ni Mkristo wa Maramba, wazazi wangu walitoka bara kuja kukata mkonge. Na watu wa Moa tumeonana sokoni tu. Hatuhusiani. Tena tumbo langu zima, linakula bada la muhogo na dagaa bila malalamiko. Toa."

Samiha alitoa. Alirudia kila hatua kama mwanzo, kwa protini ile ile ya kichupa kile kile. Jioni haijaingia, majibu yalikuwa tayari. Seli za Dakta Devota zilikaa pale pale zilipokaa za Mwatumu. Mwanga kidogo, hafifu. Ama Dakta Devota naye alikuwa na kipokezi nusu, ama kipimo chote kilikuwa bure.

Wakati huo huo simu ikaita. Ilikuwa ya daktari wa watoto, naye sauti yake Samiha aliisikia hata pale aliposimama. "Dakta Devota, mtoto anazidi kuisha. Nimesikia mna majibu. Nipe unachokijua."

"Ninachokijua kwa sasa ni kwamba sijui," alijibu Dakta Devota.

"Lakini dalili zote..."

"Dalili zinanielekeza huko huko na mimi. Ila kipimo changu kimenidanganya, na siwezi kukupa uongo unaofanana na ukweli. Ukiniamini utampeleka mtoto kwenye matibabu makubwa, na ukikosea matibabu hayo yanaua. Nipe muda kidogo. Mwongeze maji na dawa za kutuliza, na umwambie mama yake kwamba kuchelewa huku ni kwangu."

Alikata simu. Samiha alisimama akisubiri maneno makali, akijitayarisha kuyabeba. Hayakuja.

"Kaa," Dakta Devota alimwambia. "Nisimulie ulichofanya tangu kichupa kilipofunguliwa. Pole pole. Usinirukishie kitu kwa kuona ni kidogo."

Samiha akasimulia. Alipofika mahali pa kuyeyusha unga, Dakta Devota alimnyanyulia mkono. "Uliyeyusha kwa kitu gani?"

"Kwa yale maji yetu yenye asidi kidogo, Dakta. Kama siku zote."

Alipoyasema mwenyewe ndipo alipoyasikia. Siku zote walifanya kazi na protini nyingine, ambayo bila asidi kidogo haiyeyuki. Mkono wake ulizoea chupa ile, ukaifuata bila kumuuliza. Karatasi ya maelezo iliyokuja na kichupa hakuisoma hadi mwisho.

Dakta Devota alinyanyua mikono yake miwili, akaviingiza vidole vya huu kati ya vidole vya huu. "Interlukini kumi haikai peke yake. Ni vipande viwili vilivyokumbatiana hivi, kimoja ndani ya kingine. Kipokezi hakijui kukishika kimoja, kinawajua wawili waliokumbatiana. Ukiwatia kwenye asidi..." Akaitenganisha mikono, ikaning'inia kila mmoja upande wake. "Wapo, wanang'aa, lakini hawana maana tena. Waliobaki wamekumbatiana ni wachache, ndio hao walioshika kidogo kwangu na kwa mama."

Machozi yalimlenga Samiha. "Dakta, nimeharibu protini ya watu. Na mtoto..."

"Mtoto hatujamwambia chochote, kwa hiyo hatujamdhuru." Aliushika mkono wa Samiha. "Mimi nilipokuwa na umri wako, ningeona picha ile ningefunga mashine niende kushangilia. Nimejifunza kwa kuumia. Wewe umejifunza leo bila mtu kuumia, mshukuru Mungu. Sasa nitawaandikia Dar es Salaam kwamba maabara yangu imekosea na tunaomba kichupa kingine."

Alisema *maabara yangu*. Samiha aliyasikia maneno yale mawili na kuyaweka moyoni. Barua ilipoondoka jina lake halikuwamo popote.

*

Kichupa cha pili kilipofika, Dakta Devota aliomba familia nzima ije. Waliwasili kutoka Moa asubuhi, vumbi la bodaboda bado limewakaa miguuni: Idarusi, baba wa mtoto, mtu mrefu asiye na maneno mengi, binti yao mkubwa Mwanakombo aliyekuwa anasoma darasa la pili, na mama yake Idarusi, Bi Mwanahamisi, amejitanda kanga na midomo kaibana. Bi Mwanahamisi alikuwa mkwe wa Mwatumu na papo hapo shangazi yake, kwa kuwa vijana wale walioana binamu kwa binamu, kama wengi katika ukoo wao.

Kabla ya sindano yoyote, Dakta Devota aliamkiana na Bi Mwanahamisi kwa heshima zote, akaketi chini kidogo yake, akasema mbele ya wote, "Kwanza naomba radhi. Kipimo cha mwanzo hakikuwa sahihi, kosa ni la kwetu, ndiyo maana nawasumbua tena. La pili, nataka mjue kabisa tunatafuta nini. Kama Sadalla hana kipokezi hiki, basi hakukosa kwa maziwa, wala kwa jambo alilofanya mama yake. Kila mtu ana nakala mbili za maagizo ya kukitengeneza, moja ya baba, moja ya mama. Mwenye nakala moja mbovu anaishi salama, wala hajui. Mtoto akipata mbovu huku na mbovu huku, ndipo anaumwa. Kwa hiyo ikiwa ni hivyo, imetoka pande zote mbili, na hakuna aliyeichagua."

Mwatumu aliinamisha kichwa, hakuthubutu kumtazama mkwewe. Idarusi alijikohoza tu.

"Pande zote mbili," Bi Mwanahamisi alirudia polepole. "Na mimi ni upande wa baba, na kwa mama pia ni damu yangu."

"Ndivyo, bibi."

Mzee yule aliwaza. Kisha alitoa mkono wake ndani ya kanga, mwembamba, mishipa imesimama, akaulaza juu ya meza mbele ya Samiha.

"Basi anza na wangu, mwanangu," alisema. "Kama kitu hiki kimetoka kwangu nataka nikijue. Nimeshamsema sana mtoto wa kaka yangu."

Mwatumu aliangua kilio pale pale. Hakuna aliyemnyamazisha. Samiha alifunga mpira kwenye mkono wa Bi Mwanahamisi, akachoma mara moja tu na damu ikaja.

Safari hii aliisoma karatasi ya maelezo yote, mbele na nyuma. Aliyeyusha protini kwa maji yasiyo na asidi, akaanza na damu ya Dakta Devota na ya mwanafunzi mmoja wa mazoezi, kabla hajagusa hata tone la Sadalla. Seli zao zilipopita kwenye mashine, skrini ilijaa upande wa mwanga, kundi zito, mbali kabisa na giza. Hapo Dakta Devota aliacha kuimba. "Sasa inashika," alisema. "Sasa tunaweza kuuliza swali."

Mwanakombo, dada wa Sadalla, seli zake zilikaa juu pamoja na za Dakta Devota. Mwatumu, Idarusi na Bi Mwanahamisi walikaa katikati, wote watatu karibu karibu kama watu wa nyumba moja. Sadalla alibaki gizani. Dakta Devota hakuridhika na hapo. Aliagiza seli za Sadalla zichokozwe zimwage kemikali za uvimbe, kisha zimiminiwe interlukini kumi kuona kama zitatulia. Za dada yake zilitulia. Zake ziliendelea kumwaga kana kwamba hakuna aliyesema kitu. Rudia, akasema, na Samiha akarudia, na majibu yakaja yale yale.

Samiha alikaa akiitazama picha ile. Ilimjia kwamba jibu lilikuwa lile lile alilolikimbilia mwanzo ofisini akishangilia. Mtoto hakuwa na kipokezi, tangu siku ya kwanza. Lakini siku ile asingeweza kuapa. Leo angeweza kusimama mbele ya mtu yeyote. Ndipo alipoelewa kwa nini watu wa nchi za mbali humwita Dakta Devota kwenye mikutano yao, na kwa nini yeye mwenyewe, katika watu wote aliowahi kufanya nao kazi, ni huyu tu ambaye angependa kufanana naye.

Dakta Devota alipiga simu kwa daktari wa watoto. "Sasa najua," alimwambia.

*

Matibabu yalikuwa ya aina moja tu, nayo si mepesi: kupandikizwa uloto, ule ute wa ndani ya mifupa mnamotengenezwa seli za damu. Uloto wa mtu mwenye kipokezi kizima ukishika mwilini mwa Sadalla, utazaa seli zenye kipokezi. Hospitali kubwa ya rufaa ilimpima Mwanakombo, ikaona anafanana na mdogo wake kwa kila kinachotakiwa. Binti aliulizwa kama anaogopa. Alisema anaogopa sindano, lakini akilala usingizi hataiona, kwa hiyo si kitu.

Miezi iliyofuata ilikuwa mirefu. Habari zilikuja kwa vipande: mtoto ana homa, mtoto kapona homa, mtoto kanyonyoka nywele, mtoto kakataa kula. Kuna wiki ambayo daktari wa huko hakuahidi lolote, na Idarusi aliacha ngalawa yake kwa ndugu akaenda kukaa na mkewe. Dakta Devota hakumficha Samiha. "Anaweza asirudi," alimwambia. "Tumefanya kazi yetu sawasawa, na bado anaweza asirudi. Hiyo ndiyo sehemu ambayo mashine haisomi." Kisha akaenda misa ya asubuhi, na Samiha kwao Makorora akaomba dua.

Sadalla alirudi. Aliingia maabara akiwa begani kwa baba yake, mashavu yamejaa, nywele fupi mpya zimeota kama za mtoto mchanga, na alipoiona sindano alipiga ukelele wa nguvu uliowatoa watu ofisini. Samiha alicheka huku akimfunga mpira. Hajawahi kufurahi namna ile kuliliwa na mtoto.

Alizipitisha seli zake kwenye mashine. Kundi lilipanda juu, upande wa mwanga, likatulia pale walipo watu wazima wenye afya. Samiha alimwita Mwatumu aje aone. Hakuna utaratibu unaomruhusu mzazi wa mgonjwa kuja kuangalia skrini, lakini Dakta Devota alisogeza kiti mwenyewe akamkaribisha.

"Hivi vidoa ndiyo Sadalla?" Mwatumu aliuliza.

"Ndiyo damu ya Sadalla. Na mng'ao huo ni ile protini imeshika mahali pake. Amri inafika sasa."

Mwatumu aligusa kioo cha skrini kwa ncha ya kidole. Nje, Bi Mwanahamisi alisikika akimbembeleza mjukuu wake kwa kipande cha mkate wa kumimina, naye Sadalla, aliyekuwa akikataa hata uji, aliudai wote.

"Inaitwaje tena hiyo?" Mwatumu aliuliza hatimaye. "Nitajie vizuri, dada Samiha. Polepole."

"Interlukini kumi."

"In-te-ru..."

"In-ter-lu-ki-ni."

Alijaribu, akakosea, akajaribu tena, hadi ikamkaa mdomoni. "Kwetu Moa wanawake wataniuliza," alisema, akijitanda kanga yake vizuri na kusimama. "Nataka niwajibu mwenyewe."